Kutambua Mti wa Hatari Nyumbani Kabla ya Masika

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari ya mvua kubwa na upepo mkali kwa wakazi wa ukanda wa pwani, ikiwemo mikoa ya Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Tahadhari ya namna hiyo humweleza mwananchi siku ambayo upepo unatarajiwa na maeneo yatakayoguswa. Haiwezi kumweleza ni mti upi, katika ua upi, utakaoanguka. Jambo hilo aliye karibu zaidi kulijua ni yule anayefagia chini ya mti huo kila asubuhi.

Somo hili linalenga kumwezesha mkazi wa kata kuikagua miti iliyopo nyumbani kwake, kutofautisha mti salama na mti wa hatari, na kuchukua hatua inayofaa kwa wakati. Ukaguzi wenyewe hauhitaji fedha. Unahitaji mwanga wa mchana, rungu au nyundo ya mbao, fimbo ndefu na mtu wa pili wa kusaidia kutazama. Wakati mzuri ni Januari na Februari, kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei, na tena Septemba, kabla ya vuli.

MTI WA HATARI NI UPI?

Uzee wa mti peke yake haufanyi mti kuwa wa hatari, wala ukubwa wake. Mti huwa wa hatari pale mambo mawili yanapokutana: kasoro inayoweza kuufanya uanguke au uvunjike, na mtu au mali iliyopo mahali utakapoangukia. Mnazi uliokufa katikati ya shamba ni makazi ya ndege. Mnazi huohuo ukiwa mita tano kutoka paa la chumba wanamolala watoto ni jambo la kushughulikiwa wiki hii.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi huanza kwa swali moja: mti huu ukianguka, utafika wapi? Urefu wa mti unaweza kukadiriwa bila kuupanda. Mkaguzi hunyoosha mkono mbele akiwa ameshika fimbo wima, na kuhakikisha kwamba sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi ina urefu sawa na umbali kutoka ngumi hadi jicho lake. Kisha hurudi nyuma taratibu, kwenye eneo tambarare, hadi ngumi ionekane usawa wa chini ya shina na ncha ya fimbo ionekane usawa wa kilele. Umbali kutoka hapo aliposimama hadi kwenye shina hukaribiana na urefu wa mti.

Kila kilichopo ndani ya umbali huo kinapaswa kuorodheshwa: vyumba vya kulala, jiko la nje, choo, banda la mifugo, njia ya wanafunzi, kijiwe cha bodaboda na nyaya za umeme. Mahali ambapo watu hukaa kwa saa nyingi hupewa uzito mkubwa kuliko mahali wanapopita tu. Chumba cha kulala huja kwanza, kwa kuwa aliyelala hawezi kusikia mti unapoanza kulia.

MZUNGUKO WA KWANZA: ARDHI NA MIZIZI

Mkaguzi anashauriwa kuuzunguka mti mara tatu, na kila mzunguko kutazama sehemu moja tu. Mzunguko wa kwanza ni wa chini, sehemu ambayo wengi huisahau.

Ipo dhana kwamba mizizi ya mti huzama ardhini kwa kina sawa na urefu wa matawi yake. Kwa miti mingi sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi imo katika mita moja ya juu ya udongo, nayo hutanda mbali kupita kivuli cha matawi. Ndiyo maana shimo la choo, msingi wa ukuta au mtaro wa bomba la maji unapochimbwa karibu na shina, mti hupoteza nguzo zake upande huo. Hautaanguka siku ya kuchimba. Huweza kuanguka miaka kadhaa baadaye, mvua itakapolainisha udongo na upepo kuvuma kutoka upande uliokatwa mizizi. Mwenye nyumba anapaswa kukumbuka ni wapi palichimbwa na lini.

Dalili za kutafutwa ni hizi: udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, mizizi iliyoachwa wazi na mmomonyoko, mizizi iliyokatika au kuoza, na uyoga, hasa ule mgumu unaoota kama rafu ya ubao kwenye maungio ya shina na ardhi. Uyoga huo unaoonekana ni sehemu ndogo. Kinachooza kiko ndani.

Mti ulioinama unahitaji kutazamwa kwa makini. Mti ulioinama tangu ukiwa mche hujirekebisha: shina hupinda na kilele hurudi kuelekea juu, na udongo unaouzunguka huwa umetulia. Mti wa namna hiyo unaweza kudumu miaka mingi. Mti uliosimama wima mwaka jana na leo umelala upande, shina likiwa limenyooka kama nguzo iliyosukumwa na udongo wa nyuma yake ukiwa umeinuka, umeshaanza kuanguka. Mti huo haupaswi kusubiri msimu ujao.

MZUNGUKO WA PILI: SHINA

Shina hutazamwa pande zote, kuanzia ardhini hadi kwenye panda ya kwanza. Ufa mrefu, hasa unaoingia ndani ya mbao au unaoonekana pande mbili za shina, ni dalili nzito. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mti hauzibiki, na saruji inayojazwa ndani ya tundu haiurudishii mti nguvu. Huficha tu uozo usionekane.

Baada ya kutazama, shina hugongwa kwa rungu au nyundo ya mbao, hatua kwa hatua kuuzunguka mti. Mbao nzima hutoa mlio mzito na mfupi. Mbao iliyo wazi ndani hutoa mlio kama wa ngoma. Mlio wa ngoma hauna maana kwamba mti lazima ukatwe, kwa kuwa mti wenye uwazi katikati unaweza kusimama imara kama bomba lilivyo imara, ilimradi ukuta wake uwe mnene wa kutosha. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa miti ni theluthi moja ya nusu kipenyo. Shina lenye kipenyo cha sentimita 60 lina nusu kipenyo cha sentimita 30. Ukuta wake wa mbao nzima usipungue sentimita 10. Ikiwa shina lina tundu kubwa lililo wazi upande mmoja, kipimo hicho hakitoshi, na mti huo unapaswa kuonwa na Afisa Misitu.

Mchwa nao wana habari ya kutoa. Kwa kawaida mchwa hufuata mbao iliyokufa, hivyo njia zao za udongo zinazopanda juu ya shina huonyesha kwamba huenda ndani kuna sehemu iliyokufa. Kuwapulizia dawa hakuondoi kasoro hiyo.

Baadhi ya madhara huletwa na matumizi ya kila siku. Mafiga yanapowekwa kwenye kitako cha mwembe kwa kufuata kivuli, au taka zinapochomwa hapo, moto huua gome la upande huo na uozo huanza kuingia. Waya wa kuanikia nguo uliofungwa kuzunguka shina huzama ndani kadiri mti unavyonenepa, na kuukaba. Gome linalobanduliwa kwa ajili ya dawa, likizunguka shina lote, huua mti ukiwa umesimama.

MZUNGUKO WA TATU: PANDA, MATAWI NA KILELE

Panda ya mti ina maumbo mawili. Panda pana yenye umbo la herufi U kwa kawaida ni imara, kwa kuwa mbao za pande zote mbili zimeungana. Panda nyembamba yenye umbo la herufi V, ambamo gome limebanwa katikati ya mashina mawili, ina muungano dhaifu. Mashina hayo yanaponenepa husukumana, na siku ya upepo hupasuka kutoka juu kwenda chini. Mstari mweusi, utomvu unaochuruzika au ufa chini ya panda ya aina hiyo ni onyo.

Matawi yaliyokufa hutambulika kwa kukosa majani wakati matawi mengine yanayo, na kwa gome linalobanduka. Tawi lililovunjika na kunasa juu ya mengine ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa linaweza kushuka hata siku isiyo na upepo. Tawi refu lililolala juu ya paa nalo liangaliwe, hasa wakati limebeba matunda au majani yake yamelowa mvua.

Dalili ya mwisho ni alama ya kukatwa kichwa. Wapo wanaokata kilele chote cha mti wakiamini kwamba mti mfupi ni mti salama. Machipukizi yanayoota kwenye kisiki hicho hushikiliwa na mbao ya juujuu tu, huku kisiki chenyewe kikioza. Baada ya miaka michache machipukizi hayo huwa matawi mazito yaliyosimama juu ya uozo, na mti unaweza kuwa wa hatari kuliko ulivyokuwa.

MAJANI MABICHI SI USHAHIDI WA UZIMA

Kosa kubwa katika kuhukumu mti ni kusema: "Huu mzima, hauoni majani yalivyo mabichi?" Maji na chakula cha mti hupita katika tabaka za nje za shina, chini ya gome. Kiini cha katikati katika miti mikubwa ni mbao iliyokwisha kufa, ambayo kazi yake ni kubeba uzito. Kiini kinaweza kuoza chote wakati tabaka za nje zinaendelea kulisha majani. Mti wa namna hiyo huzaa, hutoa kivuli, na huanguka ukiwa wa kijani.

Kinyume chake pia ni kweli. Mbuyu hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi, na aliyehamia karibuni anaweza kuudhania umekufa. Gome la kijitawi hukwanguliwa kidogo kwa ukucha au kisu: rangi ya kijani na unyevu chini yake ni dalili ya uhai, rangi ya kahawia na ukavu ni dalili ya kifo. Jaribio hilo lifanywe kwenye vijitawi kadhaa kabla ya kuamua.

MITI YA MAJUMBANI NA TABIA ZAKE

Mnazi. Shina la mnazi haliponi jeraha. Vidato vinavyochongwa kwa ajili ya wakwezi hubaki maisha yote na huweza kuwa mlango wa maji na uozo. Mnazi una ncha moja tu ya kukulia. Jani changa la katikati likifa, mti umekufa. Mnazi uliopoteza kilele na kubaki nguzo uondolewe mapema ukiwa bado mgumu, kwa kuwa ukioza hakuna mkwezi atakayeweza kuupanda. Nazi zilizokomaa na makuti makavu juu ya njia au mahali pa watoto kucheza viangushwe kwa ratiba.

Mwembe. Ni mti imara, lakini miembe mizee hutoa matawi mazito yanayolala. Ukaguzi ufanywe kabla ya msimu wa maembe, kwa sababu uzito wa matunda na mvua huweza kufika pamoja.

Mkrismasi. Maua yake mekundu ya Desemba hupendwa, lakini mbao zake ni dhaifu na mizizi yake hutanda juujuu. Usipandwe karibu na ukuta au paa.

Mkaratusi na mgrevilea. Ni miti mirefu inayokua haraka, na matawi yake huvunjika kwa urahisi katika upepo. Nafasi yake ni shambani na mipakani, mbali na nyumba.

KUPANGA KIPI KIANZE

Fedha za kaya hazitoshi kushughulikia kila kitu kwa siku moja, hivyo hatari hupangwa kwa uzito. Mfano ni kaya ya kufikirika yenye miti mitatu. Wa kwanza ni mwembe ulioinama tangu zamani kuelekea jiko la nje. Udongo wake umetulia na shina linatoa mlio mzito, lakini mafiga yako kwenye kitako chake. Wa pili ni mnazi usio na kilele, mita sita kutoka chumba cha kulala. Wa tatu ni mkrismasi wenye panda ya V na ufa mdogo, ambao chini yake kuna benchi la mazungumzo ya jioni.

Mwenye kaya hiyo akivutwa na macho tu, ataukata mwembe kwa sababu umeinama. Ukaguzi unatoa jibu tofauti. Mnazi uondolewe kwanza, kwa sababu umekufa na chini yake kuna waliolala. Benchi lihamishwe leo, jambo lisilo na gharama, kisha mkrismasi uitiwe mtaalamu. Mwembe ubaki, mafiga yahamishwe, na udongo wake utazamwe baada ya kila mvua kubwa. Familia inabaki na maembe yake na kivuli chake.

Mfano huo unaonyesha kwamba kukata si hatua pekee. Hatua ya kwanza na nafuu ni kuondoa watu na vitu chini ya mti. Hata fedha za kuukata zikikosekana, usiku wa tahadhari ya upepo familia inaweza kulala katika chumba cha upande wa mbali na mti, au kwa jirani. Hatua ya pili ni kupogoa, ya tatu ni kukata, na ya nne ni kupanda mti mwingine mahali panapofaa zaidi, kwa kuwa nyumba isiyo na miti hupokea jua na upepo wote moja kwa moja.

KUPOGOA NA KUKATA KWA USALAMA

Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza huanzia chini ya tawi, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye shina, nao huishia sehemu tu ya unene wake. Wa pili huanzia juu, mbele kidogo ya wa kwanza, na tawi huanguka bila kubandua gome la shina. Wa tatu huondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye shingo ya tawi. Uvimbe huo usiguswe, kwa kuwa ndio unaofunga jeraha. Katika mwaka mmoja isiondolewe zaidi ya robo ya majani mabichi ya mti.

Kukata mti mkubwa ni kazi ya fundi mzoefu, asiyefanya kazi peke yake, asiyepanda wakati wa upepo au mvua, na anayeweza kueleza mti utalala wapi kabla ya kuwasha chenso. Watazamaji, hasa watoto, wakae umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mti au tawi lililo karibu na nyaya za umeme lisikatwe na mkazi wala fundi wa mtaani kwa hali yoyote. Taarifa ipelekwe ofisi ya TANESCO iliyo karibu.

RUHUSA NA MITI YA WENGINE

Kabla ya kukata, mkazi anashauriwa kufika kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata ili aunganishwe na Afisa Misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu baadhi ya miti kutangazwa kuwa imehifadhiwa hata inapoota nje ya misitu ya hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Kusafirisha mbao au mkaa kutokana na mti uliokatwa nako kuna taratibu zake. Miti iliyo katika hifadhi ya barabara si mali ya mwenye nyumba anayepakana nayo. Taarifa yake hupelekwa kwa Mtendaji.

Mti wa hatari ukiwa kwa jirani, mazungumzo huja kwanza, ikiwezekana wote wawili wakiwa wamesimama chini ya mti na kuitazama dalili kwa pamoja. Yasipofaulu, Mwenyekiti wa Kitongoji ahusishwe, na baada yake Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Taarifa yoyote itaje mahali mti ulipo, aina yake, kasoro iliyoonekana na kilichopo chini yake. Taarifa isemayo "mti mbovu" haimsaidii mtaalamu kupanga safari. Taarifa isemayo "mnazi uliokufa kilele, mita sita kutoka chumba cha watoto" humsaidia.

WAKATI WA UPEPO NA BAADA YAKE

Upepo ukianza, watu wasijikinge mvua chini ya mti, kwa hatari ya matawi na ya radi pia. Waya wa umeme ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme, pamoja na mti ulioushikilia na maji yaliyotuama karibu. Watu wakae umbali wa angalau mita 10 na TANESCO iarifiwe. Mti ukiangukia nyumba na watu wakanaswa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Kulipokucha, mizunguko mitatu hurudiwa, kwa kuwa mti uliosimama usiku kucha unaweza kuwa umelegea mizizi.

MASWALI YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Mti ukianguka, utafika wapi, na nani huwa hapo?
2. Je, karibu na shina palichimbwa hivi karibuni?
3. Je, udongo umepasuka au kuinuka?
4. Je, mti umeinama kuliko mwaka jana?
5. Je, kuna uyoga, ufa, tundu au alama ya moto?
6. Shina likigongwa, hulia kama ngoma?
7. Je, panda ni U au V?
8. Je, kuna tawi lililokufa au kunasa juu?

Jibu la "ndiyo" kwa swali lolote kati ya la 2 na la 6, au la 8, ama panda ya V, likiambatana na watu walio chini ya mti, linatosha kumfikisha mkazi ofisi ya Mtendaji kabla ya mvua ya kwanza ya masika.